Bayana ni Juu ya Nani? Historia ya Risasi Katika Petroli

Katika mahakama za makadhi wa pwani yetu ipo kanuni ya kale ambayo hata mchuuzi wa sokoni asiyepata kufungua kitabu cha sheria huitaja anapodaiwa: mwenye kudai ndiye aletaye bayana, naye mwenye kukana huapishwa. Ni kanuni ya insafu, kwani bila hiyo kila mwenye ulimi mrefu angejitwalia mali ya jirani yake. Walakini ina mlango mmoja ambao hila yaweza kupenya, nao ni pale inapoamuliwa ni nani kati ya wawili aitwe mdai. Historia ninayotaka kuisimulia, ya madini ya risasi yaliyotiwa katika petroli ya dunia nzima kwa muda wa karibu miaka 100 ilhali sumu yake ilikwisha julikana tangu enzi za Wayunani na Warumi, ni historia ya matajiri wa viwanda walioupita mlango huo mapema, wakaufunga nyuma yao, na kuwaacha watoto wa watu nje wakitafuta mashahidi.

Tarehe 9 Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors mjini Dayton, jimbo la Ohio, nchini Marekani, mhandisi aliyeitwa Thomas Midgley, aliyekuwa chini ya mkuu wake Charles Kettering, alichanganya kiasi kidogo cha kimiminika kiitwacho tetraethili ya risasi na mafuta ya injini ya majaribio, na injini iliyokuwa ikigonga ikanyamaza. Kugonga huko ni ile kelele kama ya nyundo isikikayo pale petroli inapojilipukia yenyewe ndani ya silinda kabla ya moto wa plagi kuifikia, na kila dereva wa lori aliyepata kupanda mlima na shehena anaijua, na ajua vilevile jinsi inavyoiondolea injini nguvu. Dawa ya ugonjwa ule haikuwa moja. Spiriti iliyochemshwa kwa nafaka au kwa miwa nayo ilinyamazisha injini, na Midgley mwenyewe alipata kuisifu mbele ya wahandisi wenzake. Ila spiriti kila mkulima aweza kuitengeneza shambani kwake, wala hakuna tajiri awezaye kuipatia hataza, ilhali risasi ilikubali hataza na kwa hiyo ilikubali kodi ya senti chache juu ya kila galoni. Petroli mpya ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923 kwa jina la Ethyl, na mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey wakaunda kampuni yenye jina hilohilo. Msomaji na alizingatie jina hilo. Neno risasi, ambalo kila tabibu na kila mpaka rangi wa nyumba alilijua kuwa ni neno la maradhi, halikuandikwa juu ya pampu.

Katika wiki ya mwisho ya Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, karibu na mji wa Elizabeth katika New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakikitengeneza kimiminika kile walianza kurukwa na akili. Watu wazima wenye nguvu zao walipiga kelele wakidai kwamba wanafukuzwa na viumbe visivyoonekana na wenzao, wakashikwa kwa nguvu na kufungwa katika makoti ya wendawazimu, na kabla ya siku nyingi kupita 5 kati yao walikuwa wamekufa na zaidi ya 30 wamelazwa. Wenyeji wa kiwanda walikwisha jua: jengo lile walikuwa wakiliita jengo la gesi ya wazimu. Katika kiwanda cha kampuni ya DuPont kilichokuwa kando ya mto Delaware, wafanyakazi waliipa sehemu yao jina la Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu mtu aweza kuwa anazungumza nawe kwa utulivu kabisa, mara akakatisha maneno, akaangaza hewani na kuinua mkono kufukuza mdudu ambaye hayupo, kisha akaendelea na mazungumzo pale alipoachia. Huko nako watu walikufa, na katika Dayton vilevile. Mkubwa mmoja wa Bayway alipoulizwa sababu ya misiba ile alijibu kwamba pengine watu wale walipata wazimu kwa kufanya kazi mno.

Tarehe 30 Oktoba, maiti za Bayway zikiwa bado hazijasahauliwa magazetini, Midgley aliwaita waandishi wa habari, akaletewa chupa ya kimiminika kile, akajimiminia mikononi kama mtu anawaye kabla ya kukaa kwenye chakula, akajikausha kwa leso, kisha akaipeleka chupa puani na kuivuta harufu yake kwa muda wa dakika nzima, akasema angeweza kufanya hivyo kila siku bila ya kudhurika. Hakuwaeleza kwamba mapema mwaka 1923 yeye mwenyewe alilazimika kuacha kazi zote na kwenda Florida kutafuta hewa safi, kwa kuwa risasi ilikwisha mdhuru mapafu. Kila nikikumbuka kunawa kule nawakumbuka mafundi wa gereji zetu, ambao nimewaona mara nyingi wakitoa grisi mikononi kwa petroli, na utingo akiinyonya kwa mpira kutoka tangini, akatema mate mchangani na kuendelea na kazi. Tetraethili ya risasi hupenya ngozi. Katika miaka yote ambayo petroli yetu ilikuwa nayo, sikupata kumsikia mtu akiwaambia neno hilo.

Kuficha jina na kunawa hadharani ni hila za sokoni, na lau wenye viwanda wangeishia hapo wangaliumbuka upesi, maana mji wa New York na miji na majimbo mengine walikwisha piga marufuku petroli ile. Hila iliyowaokoa ilikuwa ya ndani zaidi. General Motors ilikwisha fanya mapatano na Idara ya Migodi ya serikali ya Marekani ili idara hiyo iichunguze Ethyl, gharama zikilipwa na kampuni. Na katika mapatano hayo idara ilikubali kulitumia neno ethyl mahali pa risasi hata katika barua zake, kwa kuogopa magazeti, na baadaye ikakubali kwamba matokeo yasichapishwe kabla ya kupitiwa na kampuni na kupata ridhaa yake. Ripoti ilipotoka, siku chache tu baada ya vifo vya Bayway, ilisema wananchi hawana la kuogopa. Hivyo mshitakiwa alimlipa karani, akaisoma hukumu kabla ya kusomwa, na watu wakaambiwa kwamba serikali imechunguza.

Makelele hayakutulia, na Mei 1925 Mganga Mkuu wa Serikali, Hugh Cumming, aliita mkutano mjini Washington. Walikuja wenye viwanda, walikuja wawakilishi wa wafanyakazi, wakaja na mabingwa wawili ambao majina yao yastahili kukumbukwa: Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa ametumia miaka mingi akiingia katika viwanda vya rangi na betri kuwatazama watu waliodhoofishwa na risasi, na Yandell Henderson wa Yale, aliyeonya kwamba hatari ya risasi itokayo kwenye moshi wa magari itakua polepole mno, kiasi kwamba itaenea kila mahali kabla umma haujaamka. Frank Howard, aliyesema kwa niaba ya kampuni, aliiita petroli ile hidaya ya Mungu, na akauliza kama ni haki kuitupa hidaya kwa sababu ya hofu tu.

Lakini neno zito zaidi la siku ile lilisemwa kwa upole na tabibu kijana wa Cincinnati, Robert Kehoe, aliyeajiriwa na kampuni baada ya watu kuugua katika Dayton. Alisema kwamba jambo hili si la rai bali ni la hakika. Kwamba ikiwa mtu ataonyesha kwa ushahidi kuwa umma unadhurika, viwanda vitaiacha risasi mara moja. Na kwamba maadamu ushahidi huo haujaletwa, hakuna sababu ya kuizuia biashara. Nani angeweza kumpinga mtu aombaye ushahidi? Hata hivyo, ukiyapima maneno yale utaona kwamba katika sentensi moja mwenye kutia sumu katika hewa ya watu wote amegeuka kuwa mdaiwa, na mwenye mapafu amegeuka kuwa mdai.

Kamati iliyoteuliwa ilipima watu 252, wengi wao madereva na mafundi wa gereji wa Dayton na Cincinnati, katika muda wa miezi michache, na Januari 1926 ikatoa hukumu kwamba haikupata sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku petroli ya Ethyl. Nawaonea huruma wajumbe wale, maana waliandika wazi kwamba maradhi ya risasi huja taratibu, kwamba miaka mingi ya matumizi yaweza kuonyesha yasiyoonekana katika miezi, na kwamba serikali haina budi kuendelea na uchunguzi kwa fedha zake. Pendekezo hilo la mwisho lilisahauliwa. Uchunguzi uliachiwa Kehoe, na kwa muda wa miaka 40 karibu kila kilichojulikana kuhusu risasi mwilini mwa binadamu kilitoka katika maabara yake ya Cincinnati, iliyojengwa na kuendeshwa kwa fedha za wenye viwanda na kupewa jina la Kettering.

Jinsi maabara ile ilivyofikiri yatosha kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Kehoe alikwenda katika kijiji cha Mexico kilichokuwa mbali na magari, akapima mikojo ya wakulima, akakuta risasi, akahitimisha kwamba risasi ni sehemu ya maumbile ya mwanadamu, na mwili umeumbwa kuitoa. Sahani na vyungu ambamo wanakijiji wale walipikia na kulia vilikuwa vya udongo uliopakwa rojo ya risasi ili ung'ae. Kutokana na fikra kama hiyo kukawekwa mpaka: maadamu damu ya mtu haina zaidi ya mikrogramu 80 za risasi kwa desilita, mtu huyo ni mzima. Mpaka huo ulipimwa kwa wanaume wa viwandani. Mtoto atambaaye chini na kutia vidole kinywani hakuwamo katika hesabu. Kufikia mwaka 1936 sehemu 9 katika kila 10 za petroli ya Marekani zilikuwa na Ethyl.

Aliyekuja kuipindua kadhia hii hakuwa tabibu, wala hakuwa na nia ya kugombana na mtu. Clair Patterson alikuwa akitafuta umri wa dunia, na njia aliyoifuata ilikuwa ni kupima chembe za risasi zilizomo katika vipande vya kimondo. Lakini kila alipopima alipata risasi nyingi kuliko iwezekanavyo. Alipoitafuta ilikotoka aliikuta kila mahali: katika maji ya bomba, katika vumbi la sakafuni, katika rangi ya ukuta, katika nywele na ngozi ya msaidizi wake. Basi katika Taasisi ya Teknolojia ya California alijijengea chumba ambacho hewa yake ilichujwa kabla ya kuingia, vyombo vikasuguliwa na kuoshwa kwa asidi, watu wakavaa mavazi ya plastiki kabla ya kuvuka kizingiti, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa ni kusafisha. Alifaulu, na mwaka 1956 akatangaza kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, hesabu ambayo haijabadilika sana mpaka leo.

Mtu mwingine angeridhika na fahari ile. Patterson alibaki na swali la risasi iliyomsumbua, akaenda kuitafuta baharini, akaona kwamba maji ya juu yana risasi nyingi kuliko maji ya vilindini, maana yake imeshuka karibuni kutoka hewani. Akaenda Greenland, ambako theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliopita kama kurasa za daftari, akaikata na kuisoma kwa tabaka, akakuta risasi ikipanda karne kwa karne na kupaa hasa baada ya 1940. Mwaka 1965 alichapisha makala iliyosema kwamba Wamarekani wanabeba miilini mwao risasi takriban mara 100 kuliko ilivyo katika maumbile, na kwamba kile Kehoe alichokiita cha kawaida kilikuwa ni cha kawaida tu kwa watu waliokwisha kuchafuliwa. Kehoe alikuwa miongoni mwa waliopelekewa makala hiyo waikague. Alishauri ichapishwe, akitumaini kwamba mwandishi akishajitokeza hadharani hoja zake zitavunjwa.

Hazikuvunjwa, kilichovunjwa ni riziki ya mwenye hoja. Wajumbe wa kampuni walimtembelea Patterson ofisini kwake, wakataka kujua kama ingewezekana kumpatia fedha za utafiti wa namna nyingine, naye akawaeleza kwa urefu kwa nini biashara yao haina mustakabali. Baada ya hapo ufadhili wake kutoka Taasisi ya Petroli ya Marekani ulikoma, mkataba wake na idara ya afya ya serikali haukuendelezwa, na mwaka 1971 Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda jopo la kuchunguza risasi iliyomo hewani, yeye aliyekuwa bingwa wa kipimo hicho kuliko mtu mwingine hai hakualikwa, ilhali watu wa viwanda walikuwamo.

Juni 1966 kamati ya Baraza la Seneti chini ya Seneta Edmund Muskie ilikwisha wasikiliza wote wawili, Kehoe na Patterson, na kwa mara ya kwanza wabunge wakaona kwamba yale waliyodhani ni maarifa ya wanazuoni wote yalikuwa maarifa ya maabara moja iliyolishwa na mkono mmoja. Mwaka 1970 ikaja Sheria ya Hewa Safi, ikaundwa pia mamlaka ya kulinda mazingira, na mwaka 1973 mamlaka hiyo ikaamuru risasi ipunguzwe hatua kwa hatua. Kampuni ya Ethyl pamoja na wenzake wakaenda mahakamani na hoja ileile ya 1925: tuonyesheni maiti iliyouawa na moshi wa gari. Majaji watatu waliosikiliza mwanzo waliikubali kwa wingi wa sauti.

Kisha mahakama ile ya rufani ya Washington ikakaa kwa majaji wake wote 9, na Machi 1976, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikatoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Skelly Wright, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha historia hii yote. Sheria, walisema wale watano, yazungumza juu ya kuhatarisha, na hatari hutangulia madhara. Mtu aliyewekwa kuilinda afya ya umma hapaswi kungoja mpaka madhara yatimie ndipo ayathibitishe, bali aweza kuzuia kwa dalili zilizopimwa kwa akili. Kwa lugha ya mahakama za kwetu ningesema kwamba wale watano walimrudisha kila mmoja mahali pake: anayetia kitu kigeni katika hewa ya wote ndiye anayedai kwamba kitu hicho ni salama, na bayana ni juu yake. Miaka 51 ilikuwa imepita tangu Kehoe alipowabadilisha nafasi, na kura moja tu ndiyo iliyowarudisha.

Baada ya hapo viwanda vilipigana vikirudi nyuma, na havikupigana kwa ungwana. Tabibu wa watoto Herbert Needleman alikusanya meno ya utoto, yale ambayo mtoto wa kwetu likimng'oka hulitupa juu ya paa akaomba jipya, kwa sababu jino huhifadhi risasi iliyoingia mwilini tangu uchanga. Na mwaka 1979 akaonyesha kwamba watoto wa miji miwili ya Massachusetts waliokuwa na risasi nyingi menoni, ingawa hakuna aliyewahi kuwaita wagonjwa, walikuwa nyuma ya wenzao katika mitihani ya akili na katika kutulia darasani. Alituhumiwa kuchezea hesabu na watu waliopata kutoa ushahidi upande wa viwanda, akaburutwa katika uchunguzi mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 1992 akadai asikilizwe hadharani, akasikilizwa, na tuhuma za udanganyifu zikaanguka. Wakati huohuo, serikali ya Rais Reagan ilipokuwa tayari kuilegeza amri ya risasi mwaka 1982, vipimo vya damu vya wananchi vilikwisha onyesha kwamba kati ya 1976 na 1980 risasi damuni ilipungua kwa asilimia 37, sambamba na kupungua kwake katika petroli. Amri ikakazwa badala ya kulegezwa, na tarehe 1 Januari 1996 petroli ya risasi ikapigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Marekani.

Sumu iliyofukuzwa kwao ikasafiri. Mwanzoni mwa karne hii karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa bado zinaichoma, na dereva aliyeuliza aliambiwa kwamba bila risasi valvu za gari lake kuukuu zitakufa. Juni 2001 wajumbe wa Afrika walikutana Dakar wakaazimia kuiondoa, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yapo Gigiri, Nairobi, likaisukuma kazi hiyo nchi kwa nchi mpaka mwisho wa 2005, ambapo petroli ya eneo zima, Kenya na Tanzania zikiwamo, ilisafika, na magari kuukuu yakaendelea kutembea. Ama huko Indonesia na Iraki mambo yalikawia, na sababu mojawapo ilikuja kujulikana Machi 2010, kampuni ya Innospec, mrithi wa watengenezaji wa kimiminika kile nchini Uingereza, ilipokiri mbele ya mahakama za London na Washington kwamba iliwahonga maofisa wa nchi hizo ili biashara yake iendelee. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha kuiuza Julai 2021, na shirika lile la Nairobi likakadiria kwamba kuiondoa duniani kote kunaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Zilibaki ndege ndogo za injini za pistoni, ambazo mpaka leo nyingi zinaendeshwa kwa mafuta yenye risasi kwa sababu ileile ya kuzuia injini kugonga. Ilikuwa Oktoba 2023, miaka 99 kamili baada ya mwezi ule wa Bayway, ndipo mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipotamka rasmi kwamba risasi itokayo katika ndege hizo inahatarisha afya ya umma.